KUVU NYUMBANI: TUPIGANE KWANZA NA MAJI



Kazini kuna sheria hii: baruti zikilipuliwa chini ya mgodi, mtu harudi pale mpaka hewa mbaya imetoka na hewa safi imeingia. Je, ukifika nyumbani unaikumbuka? Jioni ya mvua unafunga madirisha yote. Mama anapika, nguo zinakauka kwenye kamba chumbani, watu sita wanalala humo. Asubuhi ukuta umelowa. Baada ya majuma machache unaona madoa meusi nyuma ya kabati, na mtoto anakohoa usiku. Madoa yale ni kuvu. Leo tujifunze kuiondoa na kuizuia isirudi.

KUVU NI NINI?

Ni kiumbe hai kidogo sana, kama ile inayoota juu ya mkate uliosahauliwa. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi nyingi, nazo zinaruka hewani kila mahali. Hatuwezi kuzimaliza. Lakini mbegu isiyopata maji haioti. Kitu kikilowa na kukaa hivyo siku moja au mbili, kuvu inaweza kuanza. Basi adui wetu wa kwanza si doa, ni maji.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Watu wanaokaa katika nyumba zenye unyevu na kuvu wanapatwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Watoto, wazee na wenye mapafu mabovu wanaumia kwanza.

MAJI YANATOKA WAPI?

Huku Katanga mvua inanyesha tangu Novemba hivi mpaka Machi au Aprili. Malata yenye tundu na ukuta wenye ufa vinaingiza maji. Lakini hata mwezi wa Juni na Julai, wakati wa baridi na bila mvua, kuta zinaweza kulowa. Kwa nini? Weka mezani chupa ya bia iliyotoka katika frigo. Baada ya kitambo inatoka jasho. Maji yale hayakutoka ndani ya chupa. Ni mvuke wa hewa uliogusa kitu cha baridi ukageuka maji. Ukuta wa baridi unafanya vilevile na mvuke wa chungu, wa nguo mbichi na wa pumzi zetu.

Unataka kujua maji ya ukuta wako yanatoka wapi? Chukua kipande cha plastiki, kikaushe, kibandike ukutani na kufunga kingo zake zote. Kiangalie baada ya siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumba, ni mvuke: fungua madirisha. Yakiwa upande wa ukuta, maji yanapita ndani ya ukuta: tengeneza malata, mfereji au bomba.

KLIMATIZERI

Mwenye klimatizeri asifikiri ameokoka. Ndani yake kuna mabomba ya baridi, nayo yanatoka jasho kama ile chupa. Maji yanashuka katika sinia ndogo, yanatoka nje kwa bomba. Vumbi likiziba bomba, maji yanalala. Vumbi pamoja na maji ni shamba zuri la kuvu, na upepo unaileta moja kwa moja puani mwako. Dalili yake ni harufu ya nguo zilizooza mara tu mashine inapowashwa. Kabini ya kamyo pia inaweza kupatwa.

Kila mwezi, wakati mashine inatumika, fanya hivi:
1. Kata umeme kabisa. Kuzima kwa kidude cha mkononi hakutoshi.
2. Toa chujio. Kama ni la kuoshwa, lioshe kwa maji na sabuni, ulikaushe kabisa kabla ya kulirudisha. La karatasi libadilishwe.
3. Angalia kama maji yanatoka nje vizuri.
4. Ukiona kuvu ndani zaidi, usifungue mwenyewe. Mwite fundi.

KUSAFISHA UKUTA

Watoto na mwenye pumu watoke nje. Fungua madirisha. Funika pua na mdomo, vaa glavu. Lowesha doa kwanza ili mbegu zisiruke, halafu sugua kwa burashi, maji na sabuni. Suuza, kausha. Ukitumia javel, soma maandishi ya chupa. Usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa nyingine ya kusafishia: inatoka gazi ya sumu. Godoro au karatoni iliyooza kwa kuvu, itupe. Wala usipake rangi juu ya kuvu, unaificha tu.

BABULA ISIINGIE CHUMBANI

Hapa tusikilizane vizuri. Wengine wanaingiza babula ya makala chumbani ili kukausha ukuta au kupata joto, halafu wanafunga mlango na kulala. Makala yanayowaka yanatoa gazi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Hata makala mekundu yasiyotoa moshi yanaitoa. Ni mojawapo ya zile gazi tunazozingojea zitoke baada ya baruti. Kuvu inakoholesha mtoto; gazi hii inaua nyumba nzima kwa usiku mmoja. Watu wa nyumba wakiumwa kichwa pamoja, wakiona kizunguzungu, wakitapika au kulegea, watoe wote nje upesi, uwapeleke hospitali.

Ukuta unakauka kwa hewa na jua. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana asubuhi na wakati wa kupika. Anika nguo nje mvua ikinyamaza. Sogeza kabati kidogo kutoka ukutani.

NENDA DISPENSARI

Usiseme kila kikohozi ni cha kuvu. Kikohozi kikipita majuma mawili, nenda upimwe kifua kikuu, zaidi wewe uliyevuta vumbi la mawe miaka mingi. Mwambie mganga kazi yako na hali ya nyumba yako.

JIPIME

Je, chumba chako kina mahali pa kuingizia hewa na pa kuitolea? Je, unajua maji ya ukuta wako yanatoka wapi? Je, leo usiku babula italala nje?

Kazini tunapima hewa kabla ya kuingia. Na nyumbani tufanye hivyo kabla ya kulala.