Rojo Zito, Keki Tamu: Vidokezo 8 vya Keki ya Matufaha na Viungo

Kuna keki zinazomtaka mpishi aombe likizo kazini. Hii siyo. Ni keki ya kizamani ya Wamarekani, inayolainishwa kwa rojo la matufaha na kunukishwa kwa mdalasini, karafuu na kungumanga. Haina malai wala maua ya sukari, na haikuulizi kama una mashine ya kukorogea. Kuanzia 1900 hadi miaka ya 1950 ilikuwa haikosekani katika vitabu vya mapishi vya Marekani, na sababu yake ni ya mfukoni: rojo linaleta unyevu na sehemu ya utamu, kwa hiyo siagi, mayai na sukari vinapungua. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza na Herbert Hoover akakabidhiwa kazi ya kuwahimiza raia wabane ngano, sukari na mafuta, keki ya namna hii ilimfaa sana mama wa nyumbani. Wewe huna vita. Una Jumamosi moja, na watoto wanaofungua friji kila baada ya dakika tano. Haya, funga kanga tuanze.

1. Panga vyote mezani, simu weka mbali

Unahitaji unga wa ngano vikombe 2, sukari ya kahawia kikombe 1, siagi laini gramu 115, mayai 2, rojo la matufaha kikombe kimoja na nusu, bekingi soda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, na zabibu kavu konzi mbili ukipenda. Viungo tutavifikia. Kikombe ni kile cha kupimia, cha mililita 240, si kikombe cha chai cha babu. Ukishavipima vyote na kuviweka mbele yako, kazi iliyobaki ni ya robo saa tu. Kweli kabisa!

2. Chagua tufaha lenye uchachu

Tufaha jekundu, tamu, linalong'aa dukani ni zuri kwa kutafuna, lakini ukilipika peke yake linapooza. Tafuta la kijani, Granny Smith, ambalo linapatikana katika maduka makubwa mengi ya mjini. Uchachu wake hauishii kwenye ladha. Utaona kwenye kidokezo cha 5 kwamba ndio unaoinua keki yako. Bei imekushtua? Changanya: mawili ya kijani na mawili ya rangi yoyote yaliyoanza kusinyaa kwenye kapu. Haya yaliyosinyaa ndiyo hasa keki hii inayaokoa.

3. Rojo lisimame kwenye mwiko

Ukisoma kidokezo kimoja tu, soma hiki. Menya matufaha 4 au 5 ya wastani, toa kokwa, katakata vipande vidogo, tia sufuriani na maji robo kikombe. Funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, mpaka vipande vikibonyezwa vinakubali bila ubishi. Ponda kwa mwiko. Huhitaji blenda, na vipande vidogo vidogo vikibaki ni vitamu zaidi.

Sasa fanya jaribio. Chota rojo kwa mwiko, uinamishe. Likitiririka kama uji wa mgonjwa, rudisha motoni bila kufunika, koroga mpaka likae kwenye mwiko na kudondoka kwa uvivu. Rojo la maji ndilo linaloleta ile keki iliyoiva pembeni huku katikati imebonyea na kunata, halafu watu wanailaumu oveni. Oveni haina kosa!

Jambo la pili: lipoe kabisa. Rojo la moto linayeyusha siagi na kuiharakisha soda kabla hujawa tayari. Ujanja wa mtu mwenye shughuli ni kulipika usiku uliotangulia, wakati wali unaiva pembeni, na kulilaza kwenye friji. Ukiwa na rojo la chupa, pia sawa, mradi halikutiwa sukari. Likiwa limetiwa, punguza sukari yako kwa robo kikombe.

4. Karafuu kwa adabu

Hapa msomaji wa Pemba atatabasamu, maana Wamarekani wanatia kwenye keki yao kiungo ambacho yeye anakianika uani. Kwa keki moja tia mdalasini wa unga kijiko cha chai kimoja na nusu, kungumanga iliyoparuzwa nusu kijiko, na karafuu ya kusaga robo kijiko. Robo! Karafuu ina mafuta makali yanayotia ganzi ulimi, na ukizidisha, keki itanuka dawa ya meno. Kama umeisaga mwenyewe muda huo huo, anza hata na chini ya robo, kwa sababu ile ya pakiti imeshapoteza sehemu ya ukali wake njiani.

Na iliki? Najua mkono unawasha. Tia kidogo badala ya kungumanga ukitaka, lakini mimi ningeiachia mahamri. Mdalasini na tufaha wanaelewana vizuri bila mgeni wa tatu mwenye sauti kubwa.

5. Soda ikiamka, usizubae

Bekingi soda ikikutana na uchachu wa tufaha inatoa gesi papo hapo, na vipovu hivyo ndivyo vinavyoinua keki. Haisubiri umalize kuongea na jirani. Kwa hiyo washa oveni kwanza, nyuzi 175 za Selsiasi, paka siagi trei ya mraba ya sentimita 23, tandika karatasi, ndipo uanze kuchanganya.

Mapishi mengi ya zamani yanaagiza soda ikorogwe ndani ya rojo, na kweli inafurahisha kutazama likifura. Lakini povu lile ni gesi inayopotelea hewani. Chekecha soda pamoja na unga, chumvi na viungo, ifikie rojo mwishoni. Pakiti yako imekaa kabatini tangu Idi ya mwaka juzi? Dondoshea chembe kidogo matone ya ndimu: ikichemka kwa kelele, ni nzima; ikinyamaza, nenda dukani. Na tafadhali, hamira si mbadala wake.

6. Piga mwanzo, bembeleza mwisho

Siagi na sukari zipige kwa nguvu zako zote mpaka zipauke, ongeza yai moja moja ukiendelea kupiga. Hapo umemaliza ubabe. Unga na rojo vitie kwa zamu, ukikunja taratibu kwa mwiko, na ukome mara tu unga mkavu unapotoweka. Kuendelea kukoroga kunaukaza unga wa ngano, upate keki ya kutafuna badala ya kuyeyuka. Zabibu zitie mwisho, pamoja na jozi za kutafuna ukipenda, na kama jozi hazipatikani, korosho zilizokatwakatwa zinafanya kazi nzuri mno.

7. Huna oveni? Palia!

Usiikimbie keki kwa sababu ya oveni. Chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa, weka sahani ya bati iliyofudikizwa chini, ipashe moto dakika kumi, kisha ingiza trei ndogo ya duara juu ya sahani hiyo. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Usigeuze hesabu hiyo, maana sukari ya kahawia na rojo huungua chini upesi. Chungulia baada ya dakika 35, wala si kabla. Ukifunua mapema unamwaga joto lote.

Kwa oveni, dakika 40 hadi 50 zinatosha. Choma katikati kwa kijiti cha meno: kikitoka na chembe kavu mbili tatu, toa. Kikitoka na unga mbichi, iache dakika tano nyingine.

8. Ifiche mpaka kesho

Hiki ndicho kidokezo kigumu kuliko vyote, hasa nyumba ikishanukia. Siku ya kwanza viungo vinapigana. Siku ya pili vimepatana, na unyevu wa tufaha umesambaa mpaka kwenye kingo. Ipoe kabisa, ifunge kwenye karatasi ya nailoni, iweke juu ya kabati ambako watoto hawafiki. (Mume anafika, hilo malizaneni wenyewe.) Kabla ya kuandaa, ipulizie sukari ya unga kupitia chujio la chai, basi. Sukari nzito ya kupamba inaifunika tu.

Kwenye joto la pwani, baada ya siku mbili ihamishie kwenye friji. Na vipande vikianza kukauka, vikaange kwa siagi kidogo kwenye kikaango, upande mmoja hadi mwingine, mpaka kingo ziwe ngumu kidogo, uvile vya moto na chai ya rangi isiyo na sukari.