Paka Wetu na Meno Yake

Mchana paka hulala barazani. Ukimtazama utadhani hana kazi. Usiku, watu wakilala, ndipo kazi yake huanza.

Katika vijiji vya pwani ya Mtwara, kuanzia Msimbati mpaka Kilambo karibu na Mto Ruvuma, watu wengi huishi kwa uvuvi na kilimo. Makopa, mahindi na mpunga huwekwa ndani ya nyumba. Panya hupenda vitu hivyo. Hutoboa magunia, hula na kukojolea kile wanachobakiza. Nyavu za mvuvi nazo hukatwa na panya.

Paka ni mlinzi asiyedai mshahara. Silaha zake ni mbili: kucha na meno. Kucha hukamata, meno huua. Paka mwenye meno mabovu ni kama askari aliyenyang'anywa bunduki. Basi tusome juu ya meno yake.

KISA CHA BIBI NA PAKA WAKE

Tumfikirie Bibi mmoja katika kijiji cha pwani. Anaishi na mjukuu wake wa kike. Wana paka mmoja mwenye mabaka.

Zamani paka huyu alikamata panya kila usiku. Sasa miezi miwili imepita, hakamati kitu. Akipewa samaki, hukimbilia sahani. Hunusa, huuma kidogo, kisha huacha na kurudi nyuma. Kinywa chake kinanuka. Asubuhi moja wakaona udenda unamtoka.

Bibi akasema, "Paka huyu kazeeka, tena kawa mvivu. Kampeleke sokoni ukamwache huko."

Jirani mmoja akapita, akaona udenda. Akasema, "Bibi, huyo ana kichaa! Leteni rungu."

Mjukuu akasema, "Hapana, Bibi. Labda kakwamwa na mwiba wa samaki. Ngoja nimtie kidole, niutoe."

Watu watatu, maneno matatu. Je, nani alisema kweli? Kabla ya kujibu, tujifunze kwanza.

MENO YA PAKA YALIVYO

Paka mdogo huota meno ya utoto 26. Meno hayo huanza kutoka akiwa na umri wa majuma matatu hivi. Akifika miezi mitatu au minne, meno hayo huanza kung'oka, na meno ya ukubwa hutoka badala yake. Akifika miezi sita, kwa kawaida huwa ameshapata meno yote 30. Juu yapo 16, na chini yapo 14.

Mbele kabisa kuna meno madogo sana 12. Hayo hutumika kuchana manyoya na kukwangua nyama kwenye mfupa. Pembeni mwake kuna chonge nne, mbili juu na mbili chini. Chonge ndizo zinazomwua panya. Nyuma kuna magego. Magego ya paka hayasagi chakula kama yetu. Hukata nyama kama mkasi.

UKOGA HUHARIBU UFIZI

Paka akila, mabaki ya chakula na vijidudu hufanya utando laini juu ya meno. Utando huo ni ukoga. Ukiachwa siku nyingi, huchanganyika na chumvichumvi za mate, ukawa mgumu kama jiwe. Rangi yake ni ya manjano au kahawia.

Ukoga mgumu hukaa pale jino linapokutana na ufizi. Vijidudu vyake huuchoma ufizi. Ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoa damu. Baadaye huachana na jino. Jino hulegea na paka hupata maumivu makali.

Upo ugonjwa mwingine. Jino la paka huliwa taratibu na mwili wake wenyewe, kuanzia kwenye mzizi. Jino hilo huuma sana, nalo hufaa kung'olewa na daktari wa mifugo.

Paka hawezi kusema, "Jino linaniuma." Mara nyingi hata halii. Huficha maumivu yake. Kwa hiyo sisi wenye macho ndio tunaopaswa kutazama.

DALILI ZA MENO MABAYA

1. Kinywa kinanuka vibaya kuliko kawaida.
2. Paka anataka chakula, lakini akiuma anaacha.
3. Anatafuna upande mmoja, au anaangusha chakula.
4. Anajipangusa kinywa kwa mkono mara kwa mara.
5. Udenda unamtoka, pengine wenye damu.
6. Anakonda, na manyoya yanachafuka kwa sababu hajilambi.
7. Ameacha kukamata panya.

TAZAMA KINYWA CHA PAKA ANGALI MZIMA

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Tazama kinywa cha paka wako mara moja kwa juma, angali mzima. Mzoeze tangu akiwa mdogo. Fanya hivi:

1. Chagua wakati ametulia, kwa mfano baada ya kula.
2. Mpakate. Mpapase kichwa na mashavu.
3. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, upande mmoja. Usimpanue kinywa.
4. Tazama ufizi. Ufizi mzuri una rangi ya waridi. Mstari mwekundu kando ya jino ni dalili mbaya.
5. Tazama magego ya juu. Ukoga mgumu hupenda kuanza hapo.
6. Mwachie. Mpe kipande kidogo cha samaki, ili kesho asikukimbie.

Paka aliyezoea anaweza kusafishwa meno pia. Zungusha kitambaa safi na laini kwenye kidole. Kichovye katika maji safi. Sugua meno upande wa nje polepole. Ukifanya hivyo kila siku, ukoga laini hutoka kabla haujawa mgumu. Lakini ukoga uliokwisha kuwa jiwe usiukwangue kwa kisu wala kwa msumari. Utakata ufizi. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, naye humpa paka dawa ya usingizi kwanza.

CHAKULA CHAKE

Paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumtoshi, hata ukitiwa mchuzi. Mwili wake unahitaji samaki au nyama. Sisi wa pwani tuna bahati, kwani dagaa na vichwa vya samaki havikosekani. Lakini tuangalie mambo mawili.

Kwanza, miiba. Mwiba mgumu wa samaki unaweza kukwama kati ya meno au kwenye kaakaa. Toa miiba mikubwa kabla ya kumpa.

Pili, ndoana. Paka wa mvuvi huvutwa na harufu ya chambo. Akimeza ndoana yenye mshipi, usiuvute mshipi. Ukivuta, ndoana itachana koo na tumbo. Mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo. Dawa bora ni kuweka ndoana mahali asipofika.

Usisahau maji safi ya kunywa. Maji ya chumvi hayamfai.

DAWA ZA WATU SI DAWA ZA PAKA

Mtu akiumwa jino hutafuna karafuu, au hununua Panadol dukani. Wengine huona huruma, wakampa paka dawa hizo hizo. Jihadhari sana!

Dawa iliyomo ndani ya Panadol huitwa parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Hata kidonge kimoja kinaweza kumwua. Mafuta ya karafuu nayo ni sumu kwake. Dawa ya meno ya watu pia haifai, kwa sababu paka hawezi kusukutua na kutema. Huimeza yote.

UDENDA: SIMAMA KWANZA!

Sasa tumefika kwenye sehemu kubwa ya somo hili. Isome mara mbili.

Udenda unaweza kuletwa na jino bovu. Unaweza kuletwa na mwiba. Lakini unaweza pia kuletwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huwapata mbwa, paka, ng'ombe, mbuzi na watu. Paka huupata mara nyingi kwa kung'atwa na mbwa mgonjwa. Virusi vyake hukaa katika mate.

Mnyama mwenye kichaa hushindwa kumeza. Taya lake linaweza kulegea. Hapo huonekana kama amekwamwa na mfupa. Mtu mwema hutia mkono kinywani ili amsaidie. Mkono huo ukichubuliwa na jino, au ukiwa na kidonda, mate huingia na mtu hupata ugonjwa.

Jino bovu huanza polepole, kwa majuma au miezi. Kichaa huja ghafla. Paka mpole huwa mkali, au paka mkali huwa mpole ajabu. Sauti hubadilika. Hutembea kwa kuyumba. Kwa kawaida hufa baada ya siku chache. Lakini mwiba nao huja ghafla. Kwa macho matupu huwezi kuwa na hakika. Kwa hiyo shika kanuni hii:

Paka akitokwa na udenda ghafla, usitie mkono kinywani mwake. Mfungie chumbani peke yake kama unaweza bila kumshika. Waondoe watoto. Mwite Bwana Mifugo.

Na kama mtu ameshang'atwa au kukwaruzwa, afanye hivi:

1. Aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15.
2. Aende hospitali au kituo cha afya siku ile ile, akapate chanjo. Asingoje kuona kama paka atakufa.
3. Amalize sindano zote atakazoandikiwa.

Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikitolewa mapema, na sindano zote zikimalizwa, huokoa maisha.

Ugonjwa huu unaweza kuzuiwa. Kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na mpango mkubwa wa kuchanja mbwa katika mikoa ya kusini mashariki mwa Tanzania, pamoja na Mtwara na Lindi. Shirika la Afya Duniani lilisaidia mpango huo. Wanyama wakichanjwa kwa wingi, watu nao husalimika. Paka naye achanjwe akifika miezi mitatu, kisha arudiwe kama mtaalamu atakavyoagiza.

TURUDI KWA BIBI

Bibi hakumtupa paka. Jirani hakutumia rungu. Mjukuu hakutia kidole. Walimfungia paka jikoni, wakamwita Bwana Mifugo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Bwana Mifugo aliuliza maswali manne. Ugonjwa ulianza lini? Tabia yake imebadilika? Amemng'ata mtu? Alichanjwa? Bibi akajibu, "Ulianza polepole, yapata miezi miwili. Tabia ni ile ile. Hajamng'ata mtu. Mwaka huu alichanjwa pamoja na mbwa wa kijiji."

Ndipo Bwana Mifugo akavaa glovu nene, akamviringisha paka katika gunia. Akainua mdomo. Ufizi ulikuwa mwekundu, na gego moja la juu limevunjika na kuoza.

"Bibi, paka wako si mvivu. Anaumwa jino. Apelekwe kwa daktari wa mifugo mjini Mtwara, aling'oe."

Bibi akashangaa. "Nauli ya paka! Mwanangu, pesa nitoe wapi?"

Bwana Mifugo akauliza, "Tangu paka aache kazi, panya wamekula makopa kiasi gani?"

Bibi akatazama magunia yake, akanyamaza. Kesho yake paka alisafiri ndani ya kikapu.

Jino liling'olewa. Kwa siku kadhaa paka alilishwa samaki laini asiye na miiba. Baada ya majuma matatu, asubuhi, Bibi alimkuta panya mkubwa mlangoni, amekufa.

Mjukuu alisema, "Bibi, nilikuwa karibu kutia kidole."

Bibi akajibu, "Safari hii lilikuwa jino tu. Lakini wewe hukujua, wala mimi sikujua."

MANENO MAPYA

chonge: jino refu lenye ncha
kaakaa: sehemu ya juu ndani ya kinywa
udenda: mate yanayotiririka kutoka kinywani
ufizi: nyama inayoshika meno
ukoga: uchafu unaoganda juu ya meno

MASWALI

1. Paka mkubwa ana meno mangapi?
2. Ukoga laini huwaje ukiachwa siku nyingi?
3. Taja dawa mbili za watu ambazo ni sumu kwa paka.
4. Kwa nini ni hatari kutia mkono katika kinywa cha paka anayetokwa na udenda?
5. Mtu aking'atwa, afanye nini kwanza? Kisha aende wapi?

TUZUNGUMZE DARASANI

Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zina paka? Wangapi wamechanjwa? Kituo cha afya chenye chanjo ya watu kiko wapi, na tunafikaje huko?

KAZI YA NYUMBANI

Tazama meno ya paka wako, kama ni mzima na amekuzoea. Andika sentensi tatu juu ya ulichoona. Zisome mbele ya wenzako katika kipindi kijacho.