Kijana Akitoka Makao ya Watoto, Nani Atamsomesha?



Somo hili ni la mkutano mmoja, lakini mkiona ni refu ligawanyeni mara mbili. Katibu asome polepole, wengine wasikilize, halafu mjadiliane. Wenye Biblia wafungue Yakobo 1:27, pale anapozungumza juu ya kuwaangalia yatima katika dhiki yao. Mtaona Yakobo hakutaja umri. Ni sisi tuliozoea kufikiri kwamba yatima lazima awe mdogo.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo kijana aliyelelewa katika makao ya watoto, siku akitimiza 18, kwa karatasi ni mtu mzima. Makao yana wadogo wengine wa kulishwa, na mfadhili aliyekubali kumsaidia mtoto hakusema atamsaidia mwanamume mwenye ndevu. Basi anaambiwa aondoke. Lakini masomo hayafuati hesabu hiyo. Wengi wao walichelewa kuanza shule, mwingine kwa sababu ya kumwuguza mama, mwingine kwa kuzunguka mjini, na miaka 18 inawakuta kidato cha pili au cha tatu. Mwingine ndiyo kwanza ameitwa chuo cha ufundi. Wewe mtoto wako wa kuzaa akifika 18 humfungii mlango. Likizo anarudi, anakuta ugali.

Jambo hili linatuhusu zaidi siku hizi. Watoto wengi wa makaoni wana mzazi mmoja aliye hai, au nyanya, au mjomba. Mpango wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke makaoni warudi kulelewa katika familia. Maana yake ni kwamba wanakuja kwetu, na wengine wanakuja wakiwa bado wanafunzi.

Basari hulipa nini?

Tukisikia habari ya kijana kama huyu, la kwanza tunalosema ni, "Aombe basari." Ni shauri zuri, lakini ni nusu ya shauri. Pesa za basari huenda moja kwa moja kwa shule au chuo. Hazinunui unga wala sabuni, na hazilipi kodi ya chumba. Ndiyo maana utamkuta kijana ambaye karo yake imelipwa yote, na bado ameacha masomo. Hakufukuzwa na mtu, alikwenda kutafuta kibarua cha kula.

Tena fomu yenyewe huuliza unatoka wapi. Inataka sahihi ya chifu au naibu wake, inataka kitambulisho cha mzazi au cheti cha kifo. Kijana alizaliwa kata hii, akalelewa makao ya kata nyingine, anasoma ya tatu. Kila ofisi inamwambia aende kwao, na kwao ni wapi? Hapa kikundi kinaweza kusaidia bila hata shilingi moja. Watu wawili wanaojulikana wamsindikize kwa mzee wa kijiji na kwa chifu, waseme, "Huyu ni wetu, tunamjua."

Msitegemee mlango mmoja tu. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ulioanza 2003, umelipia wengi karo, lakini mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake haipatani na Katiba. Ulizeni kwanza ofisini mambo yamefika wapi. Ulizeni pia basari ya kaunti. Kwa chuo kikuu na vyuo vya ufundi kuna mikopo ya ile bodi tunayoiita HELB, iliyoanza 1995. Huo ni mkopo, utarudishwa na riba, na kijana aelezwe hivyo kabla ya kuomba, si baada.

Na kama mzazi yuko hai, ana uwezo, ila anakwepa? Sheria inaruhusu mahakama kuongeza muda wa wajibu wa mzazi kupita miaka 18 kukiwa na sababu maalum. Mwendeeni afisa wa watoto mwulize, msikate tamaa kwa kusikia tu kwamba "ameshakuwa mkubwa".

Karatasi kabla ya siku ya kuondoka

Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi. Kitambulisho hutolewa kwa mtu wa miaka 18. Bila hicho hakuna laini ya simu kwa jina lake, hakuna akaunti ya benki, hakuna mkopo wa masomo. Na ili akipate huombwa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi au vyeti vyao vya vifo. Mtoto aliyeokotwa sokoni atavitoa wapi? Kazi hii ianze akiwa na miaka 16, wakati makao bado yana faili yake, na afisa wa watoto bado anamhesabu kuwa wake. Akishatoka, faili hubaki kabatini. Mwombeni msimamizi nakala ya kila karatasi: cheti cha kuzaliwa, amri ya mahakama iliyompeleka pale, matokeo ya mitihani, kadi ya kliniki kama ipo.

Hesabu ya muhula mmoja

Chukueni daftari. Tuseme kijana yuko chuo cha ufundi, karo imepata njia, lakini chuo hakina bweni. Tuseme chumba ni shilingi 2,500 kwa mwezi, chakula shilingi 100 kwa siku. Kwa miezi mitatu kodi ni 7,500 na chakula 9,000. Ongezeni nauli 1,000, na 1,500 za sabuni, kalamu na kuchapisha kazi (msichana ana sodo pia, na wanaume wa kamati wasione haya kuiandika). Jumla ni 19,000. Mihula mitatu ni 57,000. Bei hizi ni za mfano, wekeni za kwenu.

Sasa kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa wiki, kitapata 1,000 kwa wiki, yaani 52,000 kwa mwaka. Zimepungua 5,000, na hizo kijana mwenyewe anaweza kuzitafuta likizoni. Mchango mdogo wa kila wiki ni afadhali kuliko harambee moja kubwa, kwa sababu harambee huliwa muhula wa kwanza na chakula ni cha kila siku.

Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba. Za chakula apewe kijana mkononi, kila mwezi, aandike alivyotumia. Ataharibu kidogo, ndiyo. Makaoni alipikiwa na kununuliwa kila kitu, hajawahi kushika elfu moja yake. Mkimnyima nafasi ya kukosea na elfu mbili, atakosea baadaye na mshahara.

Likizo analala wapi?

Shule za bweni zikifungwa, wenzake wanapanda magari kwenda nyumbani, yeye anabaki langoni na sanduku. Kwa msichana hapo ndipo hatari ilipo. Mtu atajitokeza na "msaada" wa chumba, na mnajua malipo yake. Kikundi kitafute nyumba moja, ikiwezekana ya mama anayeheshimika, ambapo atapokewa kila likizo. Mpeni mama huyo unga na mafuta, asibebe peke yake. Na wengine wawe wanapita kuangalia, maana kuna nyumba nyingine mgeni hugeuzwa mtumishi, daftari hashiki tena.

Halafu, tafadhali, msimsimamishe kijana mbele ya kanisa ili watu wamwone na kutoa sadaka. Mkichangisha, tajeni kazi, si uso wake. Mwiteni kwenye kamati mnapopanga mambo yake, aseme anataka kusomea nini.

Maswali ya kujadili

Katika kata yetu ni nani ametoka makaoni miaka ya karibuni? Yuko wapi leo, anasoma au aliacha?

Makao yaliyo karibu nasi yana vijana wangapi wa miaka 16 na 17? Nani wawili wataenda kumwuliza msimamizi kabla ya mkutano ujao?

Kikundi chetu kinaweza kutoa shilingi ngapi kwa wiki bila kuvunja mzunguko wetu wa mikopo, na kwa miaka mingapi?

Likizo ya Agosti ni nyumba ya nani?