Tela la asali nyuma ya Vitz

SWALI: Nanunua asali Ipole na kuipeleka Tabora mjini. Je, Vitz yangu inaweza kuvuta tela dogo lenye ndoo 15?

JIBU: Ndugu msomaji, asali ni nzito kuliko maji. Ndoo ya lita 20 hufika kilo 28 hivi. Ndoo 15 ni kilo 420, tela lenyewe bado. Vitz ina takribani tani moja, na tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi nusu ya uzito wa gari. Kitabu cha gari kikitaja kidogo zaidi, kifuate.

Ndoo zikae juu ya ekseli, zikielemea mbele kidogo. Zikirundikwa nyuma, tela huyumba na kulivuta gari nje ya barabara. Hapo ndipo watu hufa. Teremka taratibu.

Ndoo 15 ni nyingi mno. Kodi Canter.