Kodi ya Nyumba kwa Mtu Ahamiaye Mjini

Wasomaji wetu wa Singida waijua vema habari ya kuhama. Tangu zamani vijana wa Unyaturu na wa Iramba wamekwenda mbali kutafuta fedha, wengine hata katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na siku hizi wengi wahamia Singida mjini, Dodoma, Arusha au Dar es Salaam, wala si kwa miezi ya kiangazi tu, bali kwa maisha yao yote. Mtu huyo ahamapo huuliza bei ya kiwanja, bei ya saruji na bei ya bati. Ni wachache waulizao, nyumba ikiisha kusimama, itadaiwa nini kila mwaka. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwani tumeona watu wazima, wenye akili na bidii, wakifadhaika kwa deni ambalo hawakujua kwamba lipo.

Kijijini mambo ni mengine. Mwenye tembe la udongo juu ya shamba la ukoo wake hatozwi kodi ya jengo, kwani sheria imeziacha nje nyumba za udongo na za nyasi ambazo watu wakaa ndani yake. Ardhi nayo aishika kwa haki ya kimila, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaitambua. Huchangia ujenzi wa darasa au zahanati, huchangia msiba na harusi. Lakini nyumba yenyewe haimdai kitu. Basi hujengeka moyoni mwake fikira kwamba nyumba ikiisha kuezekwa imekwisha gharama yake, ila kukarabati tu.

Wazee wetu hawakuwa na fikira hiyo. Mwaka 1898 Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba ya shamba. Watu wakasongamana katika nyumba chache ili hesabu ipungue, na mwaka 1905 serikali ile ikageuza shauri, ikatoza kila mwanamume mzima. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1922, waliyaunganisha yote mawili, nyumba na kichwa, na mwenye wake wengi alilipia na nyumba za wake zake. (Hapa kwetu tembe moja refu laweza kukusanya jamaa nzima chini ya dari moja, twawahurumia makarani waliopewa daftari na kuambiwa wahesabu nyumba.) Tena kiwango hakikuwa kimoja nchini, bali kilitofautiana wilaya kwa wilaya, hata mtu akienda kufanya kazi ugenini aliweza kukuta kodi isiyo ile ya kwao. Kwa hiyo babu zetu walikitunza cheti cha kodi kama wanavyotunza mbegu.

Kodi ya kichwa iliondolewa mwaka 1969, ikarudi baadaye kwa jina la kodi ya maendeleo, na mwaka 2003 ikafutwa tena. Vijana waliokua tangu hapo hawajapata kumwona mgambo akiuliza cheti mlangoni. Ndiyo maana mji huwashangaza.

Sasa tuitazame kodi ya jengo la mjini. Hapo kwanza halmashauri za miji zilitoza zenyewe kwa sheria ya mwaka 1983. Mwaka 2016 kazi hiyo ilipewa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2018 kikawekwa kiwango kimoja cha shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2021, wakati Waziri wa Fedha alipokuwa Dk. Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, yaani mtu wa mkoa wetu huu. Kuanzia Agosti mwaka huo kodi ikaanza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 viwango vilipandishwa, vikawa shilingi 1,500 na shilingi 7,500 kwa mwezi, maana yake 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Mtu mwenye mshahara ataona shilingi 1,500 si kitu. Lakini mjane auzaye maandazi, aliyezoea kununua umeme wa shilingi 2,000, siku ya kwanza ya kununua katika mwezi huona fedha yake karibu yote imekwenda, na taa yawaka siku moja au mbili tu. Akikaa miezi mitatu bila kununua, kodi ya miezi ile yote humngoja, nayo hukatwa atakaporudi. Yafaa mtu ajue jambo hili mapema, ili katika mwezi ule anunue mara ya kwanza kwa fedha iliyo kubwa kidogo, asidhani kwamba ameibiwa dukani.

Katika jambo la wapangaji pana ugomvi mwingi, nasi twataka kulikalia kidogo. Kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba, si la mpangaji. Lakini mita haimjui mwenye nyumba. Yamjua anunuaye umeme, na mara nyingi anunuaye ni mpangaji. Kijana atokaye Ikungi kupanga chumba Dodoma hulipa kila mwezi kodi ya nyumba isiyo yake, na mwisho wa mwaka hulipa tena pango kamili. Serikali ilipoulizwa habari hii ilisema kwamba mpangaji na mwenye nyumba wapatane, na fedha iliyokatwa ipunguzwe katika pango. Maneno hayo ni mema, ila si rahisi kwa mpangaji mgeni kumwambia mwenye nyumba ampunguzie shilingi 18,000, huku akijua ya kuwa vyumba ni haba. Kwa maoni yetu dawa ni kuliandika jambo hili katika mkataba siku ile ya kwanza, kabla ya kukabidhiana fedha, maana siku ile mwenye nyumba naye amhitaji mpangaji. Kila karatasi au ujumbe wa simu wa LUKU uonyeshao makato uwekwe, kwani ndio ushahidi. Na nyumba moja yenye mita nyingi, kama zilivyo nyumba nyingi za vyumba vya kupangisha, yapaswa kukatwa katika mita moja tu. Ikiwa zote zakatwa, mwenye nyumba aende akaarifu ofisi ya Mamlaka ya Mapato na namba zote za mita mkononi.

Tena sheria imewasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi, na watu wenye ulemavu, wasio na kipato, kwa nyumba moja wanayokaa wenyewe. Lakini mita haijui umri wa mtu. Mzee asiyekwenda kujiandikisha ataendelea kukatwa kama kijana. Walimu na wenyeviti wa mitaa wangefanya kazi njema kama wangewatafuta wazee wa namna hii na kuwasindikiza ofisini pamoja na vitambulisho vyao.

Kodi ya pili ni kodi ya pango la ardhi, nayo huwapata watu kwa ghafula kuliko ya kwanza, kwa sababu haikatwi kidogo kidogo. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mwenye hati ya mjini amepewa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti, na sharti moja ni kulipa pango kila mwaka. Kiasi chake hufuata ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Kiwanja cha biashara hulipa zaidi ya cha makazi. Wengi hudhani kwamba kiwanja kisichojengwa hakidaiwi. Chadaiwa. Mtu hununua kiwanja Dodoma, arudi Kiomboi kulima alizeti apate fedha ya matofali, na akirejea baada ya miaka saba akuta deni pamoja na riba. Mwaka 2022 Serikali ilisamehe riba kwa waliolipa malimbikizo yao, lakini si vema mtu kukaa akingoja msamaha wa pili. Deni likidumu, mdaiwa hupewa ilani, aweza kupelekwa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba, na mwisho aweza kunyang'anywa haki yake.

Wengine wahamia mjini bila kuinua hata mkeka, kwa kuwa mji ndio unaowajia. Katika kata za pembeni za Manispaa ya Singida, kama Mtamaa, Unyambwa na Kisaki, wako watu wanaolima na kufuga kama baba zao. Wapimaji wakija, na hati zikitolewa, shamba la jana huwa viwanja, na pango la ardhi huanza kuhesabiwa. Hati ni jambo jema, twasema hivyo bila shaka, kwani humlinda mtu na humwezesha kukopa. Ila anayeipokea aambiwe siku ile ile ya kwamba ina deni la kila mwaka, na familia yenye viwanja vinne ijue kuwa ina madeni manne.

Ndugu zetu walioko Marekani watuambia kwamba huko nako jambo hili huwasumbua wahamiaji. Katika jimbo la California sheria ya mwaka 1978 huifunga kodi katika asilimia 1 ya thamani ya nyumba wakati wa kununuliwa, na thamani hiyo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Mtu akihamia Texas hufurahi, kwa maana jimbo lile halitozi kodi ya mapato. Lakini nyumba hukadiriwa kila mwaka, na mji, kaunti na shule kila mmoja hudai fungu lake. Huko pia kuna nafuu kwa anayekaa katika nyumba yake na kwa mzee, nayo hupewa aliyeiomba. Kwetu kiwango kimoja kwa wote ni chepesi kukijua, wala hakihitaji mkadiriaji. Walakini hatuoni kuwa ni haki kamili nyumba ya vyumba viwili ya fundi baiskeli kulipa sawasawa na jumba la vyumba kumi lisilo na ghorofa.

Basi mwenye nia ya kununua kiwanja au nyumba mjini aende kwanza ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, aulize pango la mwaka ni kiasi gani na kama muuzaji ana malimbikizo, maana uhamisho wa hati hauandikishwi kabla deni halijalipwa. Auone pia ununuzi wa LUKU wa mwezi uliopita. Kila malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu itolewayo na ofisi yenyewe, asipewe mtu fedha mkononi, na stakabadhi ziwekwe pamoja na hati, mahali ambapo mke na watoto nao wapajua.