Homoni ya Mafuta na Afya ya Ateri

Vitabu vya shule hueleza mafuta ya mwili kuwa ghala la nishati na kinga ya baridi. Ni kweli, lakini haitoshi, kwani chembe za mafuta hutengeneza pia homoni na kuzimimina katika damu. Mojawapo ni adiponektini, ambayo jeni yake katika binadamu ilitambuliwa na watafiti wa Osaka, Japani, mwaka 1996.

Tutazame kwanza jinsi ateri inavyougua. Utando wake wa ndani ukidhurika, hutoa protini zenye kunata. Chembe nyeupe za damu hunaswa hapo, hupenya ukutani, na kumeza kolesteroli hata zikajaa mfano wa povu. Lundo lake ndilo linalosonga njia ya damu. Katika majaribio ya maabara adiponektini ilipunguza kunaswa huko, na umezaji wa kolesteroli vilevile. Panya wasio na jeni yake, ateri zao zilipojeruhiwa, kuta zilinenepa kuliko za wenzao.

La ajabu ni kwamba mafuta ya tumboni yakizidi, homoni hii hupungua.

Hata hivyo tusiiite dawa. Miongoni mwa wagonjwa wa moyo, wingi wake umeonekana kuandamana na vifo zaidi, wala uchunguzi wa jeni za watu haujathibitisha kwamba yenyewe ndiyo mlinzi.

Swali la darasani: ikiwa watu wanene wana adiponektini kidogo na ateri mbovu, ni jaribio gani lingeonyesha kuwa la kwanza ndilo sababu ya la pili?