Watoto Wakiuliza Habari za Mawe

SOMO LA WIKI
Andiko kuu: Yoshua 4:1-9. Soma pia Warumi 16:1-16 na 2 Wafalme 18:4.



Majuzi baada ya ibada ya pili, dada mmoja wa kwaya alinishika mkono akaniambia, "Pasta, niombee. Siku moja nataka nifike Kipro, nikaone alikopita Paulo na Barnaba." Nikasema amina, tena kwa moyo wote. Kipro ni kisiwa cha Biblia. Barnaba alizaliwa huko (Matendo 4:36), na yeye na Paulo walipotumwa kutoka Antiokia walianzia huko, Salami mpaka Pafo (Matendo 13). Hadi leo watu wanasafiri kwenda kuona makanisa ya kale ya kisiwa hicho, kama Kanisa la Lazaro mjini Larnaca, ambalo lina zaidi ya miaka 1,000.

Halafu nikamuuliza, "Na Golbanti umewahi kufika?" Akacheka. "Pasta, si Golbanti ni hapo tu?" Ndiyo, ni hapo tu. Na kuna habari gani Golbanti? Hakujua.

Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nina deni kubwa kuliko lake. Mwaka jana tulimzika mama mmoja ambaye ushirika wetu ulianzia uani kwake, chini ya mwembe. Nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake usomwe mazishini. Nikatafuta: alianza mwaka gani? Walikuwa wangapi? Nani alimsaidia? Hakuna aliyejua kwa uhakika. Mimi nilisomea biashara. Leja ya kanisa naiweka vizuri, kila shilingi ya sadaka naweza kukuonyesha iliingia lini na ilitoka lini. Lakini ya yule mama sikuwa na hata ukurasa mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile niliona kwamba hata ushuhuda ni mali.

1. JIWE HALISEMI LENYEWE

Sisi watu wa Mto Tana tunaelewa Yoshua 4 kuliko wengi. Tunajua mto ukifura unavyokata barabara na kumeza mashamba. Israeli walipovuka Yordani mahali pakavu, Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto. Sababu yake ilikuwa watoto. Siku moja wangeuliza mawe yale ni ya nini, na wazazi walitakiwa wawe na jibu. Kwa hiyo agizo lilikuwa na sehemu mbili: jiwe na maelezo. Likikosekana la pili, hilo la kwanza ni jiwe tu.

Hebu tazama Fort Jesus, pale kisiwani Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 wakaiita kwa jina la Bwana wetu. Kuta ni nene, mizinga ipo. Lakini mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, ngome iliangukia mikononi mwa Waomani. Baadaye ikawa gereza mpaka mwaka 1958, na sasa ni makumbusho. Ni mahali pazuri pa kutembelea, wapeleke watoto wakajifunze. Ila jiulize: jina la Yesu lilikuwa kwenye ngome, je, lilikuwa kwenye watu?

2. MUNGU ANAHESABU WATU

Sasa toka Mombasa upande Rabai. Pale kuna kanisa la zamani na makumbusho ya Ludwig Krapf. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mke wake Rosina. Kabla mwaka haujaisha, Rosina na mtoto wao mchanga walikuwa wamezikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi imeanza. Mpendwa, mimi nina watoto. Sijui kama ningeweza kuandika barua hiyo.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na ndipo wakaanza kituo cha Rabai. Rebmann alikaa pwani hii karibu miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani. Alipoondoka alikuwa kipofu. Na matunda? Machache sana. Wa kwanza kuamini alikuwa mtu mmoja mlemavu na mgonjwa, jina lake Mringe. Katika hesabu za biashara tungesema mradi huo ufungwe, haulipi. Lakini mtu aliandika jina la Mringe, ndiyo maana leo unalisoma hapa Garsen.

Paulo alifanya hivyohivyo. Warumi 16 ni sura ambayo wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Kumbe ndiyo leja ya Paulo! Anataja zaidi ya watu 20: Fibi, Priska na Akila, Mariamu aliyejitaabisha, na mama yake Rufo ambaye Paulo anasema alikuwa kama mama yake pia. Hao hawakujenga ngome yoyote. Waliandikwa.

Ukishuka Kisauni, uliza Kengeleni. Wengi wanashuka matatu pale bila kujua jina limetoka wapi. Limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Kengele ilikuwa ya kuwaonya hatari ikija. Imebaki hadi leo, lakini jiwe lisilo na msimulizi linageuka kuwa stendi.

3. TURUDI NYUMBANI

Golbanti ilikuwa misheni ya Wamethodisti, walioanza kazi Ribe mwaka 1862 na kutamani kuwafikia Waoromo wa upande wetu huu. John Houghton na mkewe Annie walikubali kuja. Mwaka 1886 wavamizi waliwaua wote wawili palepale Golbanti. Wangeweza kukaa kwao Uingereza, na hakuna ambaye angewalaumu.

Mwaka uliofuata, 1887, Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika kwa Wapokomo, na Ngao ikawa kituo chao. Hao, pamoja na wenyeji waliowafundisha lugha, ndio waliotupatia Agano Jipya kwa Kipokomo. Basi ukipita Ngao kwenda hospitali au kumwona mtoto shuleni, jua unakanyaga ardhi ambayo Neno lilifika miaka mingi kabla ya spika zetu na jenereta zetu. Sisi hatukuanza. Tulipokezwa.

Na kuna jambo moja linanigusa kila Jamhuri Dei. Wimbo wa taifa letu umejengwa juu ya tuni ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Taifa zima linasimama wima kwa sauti ya mama wa Tana. Lakini jina la mama aliyeutunga halikuandikwa.

4. TAHADHARI

Msinielewe vibaya. Hatuombi makaburi, wala hatutafuti upako kwenye kuta. Nyoka wa shaba alikuwa kumbukumbu halali ya Musa, lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba, Hezekia alimvunja. Kumbukumbu inatuelekeza kwa Mungu. Ikituzuia kumwona, imekuwa sanamu.

5. TUFANYE NINI?

Kamati ya ujenzi inapanga kubomoa kanisa letu la kwanza, lile la udongo, ili kupata nafasi ya madarasa ya Shule ya Jumapili. Mimi naunga mkono. Ila kabla halijaguswa, naomba mambo matatu.

Kwanza, vijana, chukueni simu zenu mwende kwa wazee wetu waliobaki. Warekodini. Ulizeni nani alikata miti, nani aliezeka, nani alipika siku ile.

Pili, nimenunua daftari jeusi. Litakaa ofisini kando ya leja ya sadaka. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la yule mama wa mwembe, na chini yake nimeacha nafasi.

Tatu, wazazi, likizo ijayo wapelekeni watoto Golbanti na Ngao. Nauli ni ndogo. Wakiuliza, wajibuni.

Dada wa kwaya, Kipro tutaendelea kuombea. Lakini Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunaondoka hapa kanisani kwenda Golbanti. Nimekuwekea kiti.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Nani alikuambia habari za Yesu mara ya kwanza? Mtaje kwa jina.
2. Mtoto wako anajua ulivyookoka? Kama hajui, ni kwa nini?
3. Kuna mzee gani tunapaswa kumtembelea wiki hii kabla hatujachelewa?

OMBI: Baba, asante kwa waliotutangulia. Tusamehe tuliowasahau. Tupe kuwaambia watoto wetu matendo yako, kwa jina la Yesu. Amina.